Mirija Aliyoiacha Kwenye Jokofu

Mimi na mwenzangu wa chuo tulikubaliana tukutane Kitai. Mimi ningetoka kwetu Matiri, yeye angepanda kutoka Ziwa Nyasa, tukamate basi la Songea pamoja na kesho yake tuunganishe safari ya Dar es Salaam. Likizo ya chuo ilikuwa imekwisha. Nilifika asubuhi na begi langu na kikapu cha maharage alichonifungia mama, nikakaa kwenye benchi mbele ya duka la mzee mmoja ambaye babu zake walitoka pwani. Miaka hiyo duka lake lilikuwa limejaa mabeseni ya plastiki ya kila rangi, kanda za muziki na viatu vya mitumba, vitu ambavyo nilipokuwa mdogo hatukuviona kabisa. Nikawa natazama kila gari lililotokea upande wa Mbinga.

Basi likaja, likapakia, likaondoka. Sikupanda. Nilijiambia kwamba mvua zimeharibu barabara ya ziwani na kwamba atatokea tu, matope hadi magotini, akianza kujitetea kabla hajanisalimu.

Mchana Landrova ya abiria kutoka Mbamba Bay ilisimama. Dereva aliingia dukani kununua sigara. Nikasikia sauti zao zikishuka. Mwenye duka akanitazama, akatazama chini, halafu akatoka nje akiwa na kikombe cha maji.

"Binti, huyo unayemsubiri ni mtu wa wapi?"

"Wa Lundo. Nasoma naye."

"Mrefu? Wa miwani?"

"Ndiye."

"Kunywa maji kwanza," akasema.

Daraja kati ya Lundo na Mbamba Bay lilikuwa limechukuliwa na maji, kwa hiyo watu wenye haraka walipanda boti ya mbao iliyokuwa ikipita kandokando ya ufuko. Dhoruba iliwakuta karibu na miamba. Boti ikapinduka. Wengine waliogelea, wengine walivutwa na mitumbwi. Yeye, aliyejua kuogelea tangu utotoni, hakuonekana. Walipata begi lake likielea. Walipata hata kiatu. Mwili hawakuupata siku hiyo, wala baadaye.

Sikurudi Matiri. Nilimwachia yule mzee kikapu cha maharage, nikapanda gari la kwanza kwenda Mbinga, na kesho yake nikateremka ziwani kwa lori.

Niseme kwanza alikuwa nani kwangu, maana watu wa Lundo walilijibu swali hilo kabla sijaulizwa. Tulikuwa wanafunzi wa shahada ya pili ya kemia, wawili tu tuliotoka Ruvuma mwaka ule. Aliniita Mtu wa Kahawa, kwa zao la kwetu, nami nikamwita Usipa, kwa jina la samaki wadogo wa ziwa lake. Msimamizi wetu alitupa kazi moja na kuigawa vipande viwili. Mwenzangu alikuwa na mikono mizuri, akapewa maabara. Mimi nilipewa hesabu na kompyuta. Alichokipima yeye, mimi nilipaswa kukieleza kwa milinganyo: nini kinaongezeka, kwa kasi gani, kinakwisha lini. Hatukuwahi kuambiana neno lolote la mapenzi. Sijui kama lingekuja. Lilikuwa karibu, nadhani, lakini kuna mambo ambayo hayapimiki tena.

Nyumba yao ilikuwa na watu wengi na haikuwa na kilio. Hilo ndilo lililonishtua. Wanawake walikaa mikekani kimya. Baba yake, mkulima wa mihogo na mzee wa kanisa, alinipokea mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umefika. Mama yake hataki tulie. Anasema hatumlilii mtu ambaye hajaonekana."

Mama yake alikuwa nyuma ya nyumba, akianika shati la kijana wake alilokuwa amelifua. Alinishika mikono yote miwili. "Mkwe wangu," akasema, "umekuja kumsubiri pamoja nasi." Ningeweza kumsahihisha. Sikufanya hivyo, na tangu siku ile hadi leo sijamsahihisha.

Nilikaa nao kwa siku kadhaa. Padri alikuja akasali. Alipotamka kwamba kijana wetu amelala katika Bwana, yule mama aliinuka akaenda jikoni. Kila jioni alipakua ugali wa mtu mmoja zaidi, akaufunika. Asubuhi binti yake mdogo aliuondoa bila kuambiwa.

Siku moja yule mama alinikuta ufukweni nikifua. Akakaa juu ya jiwe. Lugha yake ilikuwa Kinyasa, yangu Kimatengo, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, ambacho kwetu sote wawili kilikuwa cha shule na kanisa, na tulikitumia kwa uangalifu.

"Niambie," akasema, "huko chuoni mlikuwa mnafanya nini hasa? Alinieleza, lakini alikuwa anacheka akieleza. Sikushika."

Nikajaribu. Nikamwambia kuna kimiminika kinaitwa stairini, cheupe kama maji, chenye harufu kali. Chembe zake zikishikana moja baada ya nyingine zinakuwa mnyororo mrefu, na minyororo mingi ikikaa pamoja inakuwa plastiki ngumu, ile ya kalamu na makasha ya kanda. Kwa njia ya zamani minyororo inazaliwa na kufa ovyo: mmoja unarefuka kufumba na kufumbua kisha unakufa, mwingine unaanza, na mwishoni unapata mirefu na mifupi imechanganyika. Njia tuliyokuwa tukiichunguza ilikuwa mpya. Unaongeza dawa ambayo chembe zake zinafunika ncha ya kila mnyororo. Ukifunikwa, mnyororo unalala. Joto linapofunua ncha, unaamka, unaongeza pingili chache, unafunikwa tena. Hivyo yote inakua polepole, pamoja, kama watoto wa rika moja.

"Na haifi?"

"Inakufa michache, mama. Minyororo miwili iliyoamka ikikutana ncha kwa ncha, inaungana na ndiyo mwisho wake. Vifuniko vyake viwili vinabaki bila mwenyewe. Lakini vifuniko vilivyobaki vinazidi kuwa vingi, vinawahi kufunika mingine, na vifo vinapungua. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu hilo."

Alitazama maji. "Mwanangu ameacha nini huko?"

"Ameacha mirija ya kioo. Aliipika kwa saa tofauti, akaipoza, ameiweka kwenye jokofu la maabara. Ameandika alama kwa mkono wake."

"Na minyororo iliyo humo?"

"Imelala."

Nilipolitamka neno hilo nilitamani nilirudishe. Alinigeukia.

"Padri ananiambia amelala, na maana yake amekufa. Wewe unaniambia imelala, na maana yako ni kwamba iko hai. Nimsikilize nani?"

Nikasema tu kwamba kwa minyororo kuna namna ya kujua. Unafungua mrija, unaipa stairini mpya, unaipasha moto. Ile iliyolala itaendelea kurefuka. Iliyokufa itabaki vilevile.

"Basi nenda kaiamshe," akasema. "Halafu uje uniambie."

Nilirudi Dar es Salaam. Maabara ilikuwa kama alivyoiacha: koti lake kwenye msumari, kitambaa cha kushikia vyombo vya moto kikiwa kimekunjwa kwa namna yake. Alikuwa na mazoea ya kuugonga mrija kwa ukucha kabla ya kuutumbukiza kwenye mafuta ya moto, kuondoa povu, ting, ting. Wiki ya pili nikaanza kuusikia mlio huo. Nilikuwa chumba cha kompyuta, ukuta mmoja ukitutenganisha na maabara, mchana mweupe, na nikausikia. Nikanyamaza juu ya hilo. Halafu mama aliyekuwa akifanya usafi katika idara yetu akaniuliza, akipita na ndoo, "Siku hizi unafanya na kazi ya mwenzio? Nakusikia ukigonga vioo." Nilikuwa sijaingia maabara siku hiyo wala jana yake. Nikamjibu kwamba ndiyo, nafanya.

Niliogopa kufungua jokofu, nikajificha kwenye hesabu. Umeme ulikuwa wa mgao, na kompyuta ile ilizimika katikati ya kazi mara nyingi kuliko ilivyomaliza. Milinganyo yenyewe ilikuwa migumu kwa sababu humo ndani kuna mambo yanayotokea kwa mwendo tofauti kabisa: ncha inafunuliwa na kufunikwa upesi kuliko unavyoweza kufikiria, huku mnyororo ukichukua siku nzima kukua. Ukitaka kompyuta ifuate mambo ya haraka, haifiki mwisho. Ukiiruhusu irukeruke, inakupa majibu ya kichaa, minyororo yenye urefu chini ya sifuri. Nilijifunza kuiongoza hatua kwa hatua, hatua ndogo mwanzoni na kubwa baadaye, mpaka nikapata mstari laini.

Nikauweka mstari wangu juu ya vipimo vyake. Mwanzoni ulipita katikati ya nukta zake bila kosa. Saa za baadaye ukaachana nazo. Mstari wangu uliendelea kupanda, nukta zake zikabaki chini. Minyororo yake halisi haikuwa imefika nilikosema ingefika.

Nilimpelekea msimamizi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na tangu msiba alizidi kuwa hivyo. Aliipeleka karatasi dirishani.

"Umeiruhusu ife kwa njia ngapi?"

"Moja. Ikikutana."

"Na inayokufa peke yake?"

"Nilidhani ni michache mno, mwalimu."

"Kwa saa moja, michache. Hii ilikaa kwenye moto siku nzima. Mnyororo uliolala nao unaweza kupoteza ncha yake, bila kukutana na yeyote. Hautaamka, na kwa kuutazama hutajua." Akanirudishia karatasi. "Unalijua hili. Ulilisoma kabla yangu."

Ni kweli, nililisoma. Nilipokaa mbele ya kompyuta kuongeza kipande hicho kwenye mlinganyo, mikono ilikataa. Si kwamba nilikuwa mjinga wa kemia. Nilikuwa namwona yule mama juu ya jiwe. Nikamwambia msimamizi kwamba siwezi kuongeza kifo ambacho sijakiona, na kwamba lazima kwanza tujaribu kuiamsha.

"Basi fungua jokofu," akasema.

Nilifungua. Mirija ilikuwa imesimama kwenye kibao chake, kila mmoja na karatasi ndogo yenye mwandiko wake ulioinamia kushoto. Ndani plastiki ilikuwa angavu kama barafu. Nilichagua ule aliouandika mwisho. Nikauvunja shingo, nikakitoa kile kipande, nikakiyeyusha kwenye stairini mpya. Nilifanya yote aliyokuwa akifanya yeye: kugandisha, kuvuta hewa, kuyeyusha, kugandisha tena, maana hewa ikibaki inaua kazi yote. Nikaufunga mrija kwa moto, nikaugonga kwa ukucha, nikautumbukiza.

Kwa saa ya kwanza hakuna kilichobadilika. Nilikuwa nikiutoa, nauinamisha, naurudisha. Kimiminika kilikimbia ndani yake kama maji. Baadaye kikaanza kuchelewa kidogo kufuata. Baadaye zaidi kikawa kinatambaa kama asali. Nilikaa kwenye stuli yake nikakitazama. Kilichokuwa kinakua mbele yangu ni kitu alichokianzisha yeye, pale kilipoishia, pingili juu ya pingili zake, na yeye yuko chini ya maji au hayuko popote. Nikatazama mlangoni, nikiwa na uhakika kwamba mtu amesimama pale. Nilijua angesema nini: "Mtu wa Kahawa, usiuinamishe sana, utapasuka." Mlango ulikuwa wazi na ukumbi mtupu. Nikamjibu hata hivyo. Nikasema, "Nimesikia."

Hatukuwa na mashine ya kupima urefu wa minyororo yote. Msimamizi alipeleka sampuli kwa rafiki yake nje ya nchi, tukasubiri hadi nikaacha kuuliza. Majibu yalikuja kama mchoro, minyororo mifupi upande mmoja na mirefu upande wa pili. Kabla ya kuamshwa palikuwa na kilima kimoja. Baada ya kuamshwa kilima kikubwa kilikuwa kimehama kwenda kwenye minyororo mirefu. Lakini pale kilipokuwa mwanzo pamebaki kilima kidogo, cha chini, ambacho hakikusogea hata kidogo.

Msimamizi aliweka kidole juu yake.

Niliongeza kile kipande kwenye mlinganyo siku hiyohiyo. Mstari ukashuka ukapita kwenye nukta zake zote, mpaka ile ya mwisho. Wanafunzi wenzangu walinipongeza. Sikuweza kufurahi. Nilikaa nikitazama mstari ule ulivyolala juu ya vipimo vyake, nikahisi kwamba nimetia sahihi mahali ambapo sikupaswa kutia peke yangu.

Tasnifu ilipokamilika nikateremka tena Lundo. Njiani, Mbinga, nilikuta maghala ya ushirika yamefungwa na wanunuzi binafsi wa kahawa wametandaza mizani barabarani, kila mmoja akimwita mkulima kwa jina tamu. Mji ulikuwa na kelele ambayo sikuizoea. Kule ziwani palikuwa na ukimya uleule.

Mama yake alikuwa amekonda. Alinipokea, akanipa maji ya kuoga, akaniacha nile usipa na ugali wa muhogo kabla ya kuuliza. Halafu akakaa karibu nami barazani.

"Uliiamsha?"

"Niliiamsha, mama. Mingi ilikuwa imelala. Iliamka ikakua. Niliiona kwa macho yangu."

"Na mingine?"

"Mingine ilikuwa imekufa."

"Ilikufa humo kwenye jokofu? Kwa sababu mlichelewa?"

Hilo ndilo lililokuwa likimla, nikalielewa pale pale. Tangu siku ile alikuwa akiwaza kwamba labda mwanawe alikaa mahali, juu ya mwamba, kwenye kisiwa, akingoja, na watu hawakutafuta upesi.

"Hapana, mama. Baridi haikuiua. Ilikufa mapema, wakati ule ule wa moto, kabla hatujaitia humo. Baridi iliitunza tu kama ilivyokuwa. Hata tungeifungua siku ya pili tungeikuta vile vile."

Hakulia. Alikunja khanga yake magotini, akaikunjua, akaikunja tena. Binti yake aliyekuwa akichambua mchicha mlangoni aliacha kuchambua.

"Kwa hiyo hapakuwa na kuchelewa," akasema.

"Hapakuwa na kuchelewa."

Sitaki mtu adhani kwamba kemia ilimshawishi. Binti yake aliniambia baadaye kwamba ule ugali wa jioni ulikuwa umekoma kufunikwa tangu miezi kadhaa nyuma, na kwamba mama yake alikuwa ameshaanza kuwauliza wazee namna ya kumzika mtu asiye na mwili. Labda alikuwa akitafuta tu mtu wa kumwambia jambo analolijua. Labda alinitaka mimi niwepo. Jumapili hiyo alikwenda mwenyewe kwa padri.

Walichimba kaburi la ukubwa kamili. Baba yake alikataa kabisa lichimbwe dogo. Waliweka suruali, kitabu cha sala, miwani ya akiba na blanketi. Mama yake aliuliza kama nimeleta chochote. Nilikuwa na kipande cha ile plastiki, angavu, kisichozidi kidole gumba, ambacho nilikileta bila kujua ningekifanyia nini. Alikigeuza kwenye mwanga. "Ndicho hiki?" akauliza, akionekana kushangaa kwamba ni kidogo hivyo. Akakiweka juu ya blanketi kwa mkono wake. Padri alipofika mahali pa kusema amelala katika Bwana, alimtazama kwanza yule mama. Mama akatikisa kichwa kukubali. Ndipo kilio kilipoanza, kile kilichokuwa kimezuiwa tangu masika ya mwaka uliopita, na kilikuwa kikubwa kiasi kwamba watu wa mitumbwi waliacha nyavu wakaja.

Siku ya kuondoka, baba yake alinisindikiza hadi barabarani kungoja lori. Tangu mwanzo yeye ndiye aliyetaka msiba uishe, aliyesema mtu wa maji amekwenda na maji. Halafu akaanza kuzungumza bila kunitazama.

"Mama yake asijue ninachokuambia. Jana baada ya mazishi nilikwenda shambani, nilitaka kuwa peke yangu. Nilikuwa napalilia mihogo. Mtu akanisalimu nyuma yangu."

"Nani, baba?"

"Sauti yake. Ya kawaida tu, ya mtu anayepita njia."

"Alisema nini?"

"Shikamoo, baba. Basi. Hakusema zaidi."

"Nawe?"

"Nikaitikia marahaba. Sikugeuka." Alifuta uso kwa kiganja. "Nikaendelea kupalilia mpaka mstari ukaisha. Nilipogeuka niliona mihogo tu."

Lori lilitokea kwenye kona, vumbi nyuma yake. Aliinua begi langu akampa utingo, akanisaidia kupanda, akabaki amesimama kando ya barabara, jembe begani, akitazama upande wa shamba.